Kosa la Kina Geraghty

Rosaleen Geraghty alitoka Chicago na kopo la chai mkobani, na ndani ya kopo, majivu ya baba yake. Marehemu alisema jambo moja tu: "Nirudishe kwetu." Kwetu wapi, hakusema, na mwenyewe hakuwahi kupaona. Wanaume wa ukoo ule ni wachoyo wa maneno hata wakiwa wanakata roho.

Wiki nzima pale Sligo, Ireland, alizungushwa kama pia. Kina Geraghty walikuwa koo tatu, kila ukoo na gofu la nyumba yake ya kale. Wa mlimani walimpa chai na mkate, wakamwambia, "Si sisi, dada. Sisi hata nauli ya Marekani hatukuwa nayo. Jaribu wa kanisani." Wa kanisani wakampa chai zaidi, wakamrudisha mlimani. Wa kivukoni walikwisha zamani. Vitabu vya parokia vilikuwa vimeoza kwa unyevu. Kichwa kilimvurugika, na kesho ndege inaondoka. Ampeleke baba wa watu kwa jirani?

Jumapili mchana aliingia baa ya Attracta, ambako wapigaji walikaa duara na fidla zao. Attracta, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akaliona sanduku la fidla begani mwa Rosaleen.

"Wee Mmarekani, fidla hiyo pambo? Tupigie!"

Rosaleen akapiga wimbo wa baba yake, ambao baba naye aliupata kwa babu yake. Wenzake wakaudaka, maana waliujua. Sehemu ya pili wakapishana naye: yeye aliongeza pigo moja, kama mtu anayeruka dimbwi. Wakajikwaa, wakacheka, wakaacha. Akabaki peke yake, uso unamwaka kwa aibu. Hata wimbo nimekosea, akawaza. Sasa mimi ni wa wapi?

"Usiache!" Alikuwa Malachy, mzee wa miaka tisini kasoro mmoja, fidla yake magotini. "Nani kakufundisha kosa hilo?"

"Baba. Samahani, mzee wangu. Nitalirekebisha."

"Ukilirekebisha nitakupiga kwa kiti. Mama yangu alipiga hivyohivyo. Alikuwa Geraghty wa kivukoni, na wa kivukoni wote walipiga hivyo. Parokia nzima ilisema hawajui kuhesabu."

"Kwa hiyo nyumba yetu ni ile ya kivukoni?"

"Hiyohiyo. Ila... nimefuga ndama humo."

Baa nzima ikaangua kicheko. Rosaleen naye akacheka, machozi yakimtoka, asijue analia au anacheka. Baba yake hakupenda hata maziwa.

"Nitawatoa leo," Malachy akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Mama alinyimwa ushindi kwenye mashindano kwa ajili ya pigo hilo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikamwambia aunyooshe wimbo, ananiaibisha. Hakushika fidla tena mpaka anaingia kaburini. Na mimi tangu siku ile napiga ulionyooka. Nifundishe, binti."

Rosaleen akapiga polepole, mzee akimfuata kwa vidole vilivyokakamaa. Kufika kwenye pigo lile, mzee akalipita bila kulipiga. Mara ya pili akalipita. Mara ya nne hakuna aliyekuwa akicheka tena.

"Umeunyoosha tena, mzee wangu."

"Najua," Malachy akasema, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Najua. Turudie."