Upande wa Kulia wa Kentrell Yarbrough

Jina la Kentrell Yarbrough liliposomwa, Jumamosi mchana, raundi ya nne ya timu za futiboli ya Kimarekani kuteua vijana wa vyuo, chumba kizima cha timu ya Korongo wa Toledo kilipiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Lamar Tidwell, kocha wa mabeki, aliyekuwa akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi.

"Noreen," alisema, "umeniletea nini?"

Noreen Wojtasik alikuwa msaka vipaji wa timu katika majimbo ya kusini. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha gari kutoka chuo hadi chuo, akilala kwenye vihoteli vya barabarani na kula kuku wa kukaanga mpaka akamchukia kuku. Kentrell alimtazama misimu miwili, katika chuo kidogo cha Mississippi ambacho uwanja wake ulipakana na shamba la pamba, na ripoti yake ya kurasa tatu ndiyo iliyomshawishi bosi, Bwana Ostrander, kumteua kijana. Sasa Tidwell aliifungua ripoti ile ile, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"'Uwezo wake: mikono mirefu, kiuno chepesi, anageuka bila kupoteza hatua. Mpokeaji akikimbia, Yarbrough anakimbia naye kama wamefungwa kamba moja. Mpira ukiwa hewani, anauona kabla ya mwenye kutupiwa.' Safi. Mpaka hapa sina neno." Akageuza ukurasa. "'Udhaifu wake: kumwangusha mtu hajui. Anamkumbatia kama anayempokea shangazi stendi.' Shangazi, Noreen!"

"Endelea tu."

"'Akiwekwa upande wa kushoto, ni beki wa ligi hii tangu leo. Akiwekwa kulia, wapinzani wakibadilishana nafasi, anapotea. Hatumii kichwa.'" Tidwell akaifunga ripoti. "Kwa hiyo nimepewa nusu ya beki."

"Umepewa beki mwenye kitu cha kufundishwa. Au siku hizi wewe hufundishi, unakula mbegu tu?"

Watu wakacheka, na Tidwell naye akacheka mpaka akapaliwa na ganda. Lakini Noreen alimjua. Kijana akichemsha, Tidwell angelitaja jina la Noreen kila Jumatatu mpaka Krismasi.

Wiki mbili baadaye wachezaji wapya waliitwa kambini kwa siku tatu. Kentrell alifika amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, akampa kila mtu mkono, hata mfagizi. Ijumaa asubuhi Tidwell alimweka kushoto. Mrushaji alitupa mipira tisa upande ule na wapokeaji wakadaka mmoja tu. Mmoja wao, aliyeteuliwa raundi mbili kabla ya Kentrell, alirudi kwenye mstari akiguna, "Huyu jamaa ananifuata mpaka chooni."

Noreen, pembeni mwa uwanja, alijifanya anasoma karatasi zake ili asionekane anachekelea.

Kisha Tidwell akamhamishia kulia, na mambo yakaharibika. Wapokeaji wawili walibadilishana nafasi, beki wa nyuma akapaza sauti, "Badili! Badili!", na Kentrell akaendelea kumfuata mtu ambaye hakuwa tena wake. Wa kwake alidaka mpira peke yake, akaingia nao mpaka mwisho wa uwanja kama anakwenda dukani. Ikatokea mara ya pili. Ikatokea mara ya nne.

"Yarbrough!" Tidwell alinguruma kutoka katikati ya uwanja. "Umeambiwa badili! Badili maana yake nini Mississippi? Kaa ulipo, tafakari maisha?"

Kentrell aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo, Kocha," akarudia kosa lile lile. Mazoezi yalipokwisha, Tidwell alimpita Noreen bila kusimama. "Bibie, umeniletea mlango unaofunguka upande mmoja."

Mchana, kantini, Noreen alibeba sahani yake mpaka kwenye meza ya kijana. Kentrell alikuwa amekaa mwisho kabisa, ukutani, na kiti kimoja kilikuwa wazi kushoto kwake. Noreen akakaa.

"Kentrell, habari za Toledo? Baridi imekuzoea?"

Kijana aliendelea kula. Hakugeuka, hakuitikia, hata kope hakuinua. Kantini ilikuwa na kelele za sahani na vicheko, lakini si za kumfanya mtu asisikie aliye ubavuni pake. Noreen akachukua sahani yake akahama.

Alijua sababu, au alidhani anaijua. Tidwell alikuwa na tabia ya kuwasomea wachezaji wapya ripoti zao siku ya kwanza, eti wakomae. Kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyempokea Noreen nyumbani kwa bibi yake na kumpa kiti kizuri kuliko vyote, amesomewa mbele ya wenzake kwamba hatumii kichwa. Angekuwa yeye, naye angenuna.

Lakini kununa kwa kijana kulimkaa rohoni, na alasiri hiyo badala ya kwenda zake alijifungia na video. Aliangalia michezo ishirini na mitatu ya Kentrell chuoni, akitazama tu alipowekwa kulia. Makosa yalikuwa yale yale aliyoyaandika. Akajiambia basi, ripoti iko sawa. Ndipo alipofika mchezo wa Novemba, wa mvua, na akaona kitu ambacho mwaka jana alikipita.

Katika mchezo ule Kentrell, akiwa kulia, hakusimama kama beki anavyosimama. Alikuwa amejigeuza nusu, kifua kwa beki wake wa nyuma, na kabla ya kila mpira kuanza alimtazama yule mwenzake usoni. Alikuwa anamtazama mdomo. Na siku hiyo wapinzani walibadilishana nafasi mara sita, na mara zote sita Kentrell alimfuata mtu aliye sahihi.

Noreen alirudisha video nyuma. Akaiangalia tena. Kisha akakumbuka kiti kile cha kantini, kushoto.

Jumamosi asubuhi, wachezaji wakipasha misuli, alimwendea Kentrell kwa nyuma kidogo, upande wa kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kentrell, kamba ya kiatu imefunguka."

Hakuna kitu. Kijana alikuwa anavuta goti kifuani, anatazama mawingu.

Noreen akazunguka nyuma yake hadi kulia, hatua tatu, akasema vile vile, "Kamba ya kiatu imefunguka."

Kentrell aliinama papo hapo. "Kipi, Bi Noreen?" Viatu vyote viwili vilikuwa vimefungwa barabara. Akainua uso taratibu, akamkuta Noreen anamtazama, na wote wawili wakajua.

"Tangu lini?" Noreen aliuliza.

"Nikiwa na miaka tisa. Homa." Aliangalia huku na huku. "Tafadhali, Bi Noreen."

"Na pale Indianapolis, kwenye vipimo vya kabla ya uteuzi? Madaktari wa timu zote walikuwepo."

"Walipima kila kitu. Walipima mpaka upana wa kiganja. Sikio hakuna aliyeuliza." Akaligusa sikio la kushoto. "Uwanja ukiwa kimya na watu wachache, najitahidi. Nikivaa helmeti, watu wakipiga kelele, nasikia kuna mtu anasema, lakini sijui ni nani wala anasema nini. Kushoto nawasikia wote. Kulia ndiyo hivyo."

"Mimi nimeandika kwamba hutumii kichwa!"

"Najua. Kocha alitusomea."

"Na ukaona bora iwe hivyo?"

"Ndiyo, mama." Alisema bila kuona haya. "Mwenye kichwa kizito wanampa muda, wanasema atajifunza. Mwenye sikio bovu wanamkatia tiketi ya kurudi kwao."

Noreen mwenyewe alikuwa amekaa kwenye vyumba vile vile ambamo watu hukatiwa tiketi. Alitazama uwanja. Tidwell alikuwa ameanza kupuliza filimbi.

"Sikiliza," alisema, kisha akatamani angechagua neno jingine, lakini kijana akatabasamu, na hapo ikawa rahisi kidogo. "Ile ripoti ina jina langu na ina kosa. Kesho jioni nitamwambia Bwana Ostrander nilikosea. Siwezi kuliacha. Lakini sikio ni lako. Ningependa wasikie kutoka kwako kwanza."

Kentrell alivaa helmeti, akaenda kupangwa kulia, akapotea mara tatu zaidi.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho. Tidwell alimweka kulia tena, na mara ya kwanza tu alipokosea akatupa kofia chini. "Yarbrough! Naongea na wewe au naongea na bendera ya kona?"

Kentrell alisimama. Noreen alimwona anavua helmeti, na akaona jinsi mabega yalivyopanda na kushuka. Akatembea mpaka kwa Tidwell, na wenzake wakanyamaza maana walidhani anakwenda kupigana.

"Kocha, sikio la kushoto halisikii. Limekufa tangu utotoni. Ukiniweka kulia, ninyi nyote mko upande wa sikio hilo."

Tidwell aliacha kutafuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kuona hivyo.

"Sikio la kushoto."

"Ndiyo, Kocha."

"Na hizi siku tatu mimi nimesimama upande gani?"

"Kushoto, Kocha."

"Kwa hiyo yale yote niliyokuita..."

"Maneno sikuyapata, Kocha. Lakini midomo niliiona, na mengine siwezi kuyarudia mbele ya bibi yangu."

Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, wa pili akamfuata. Tidwell hakucheka. Alimshika kijana begani, akamvuta pembeni, safari hii upande wa kulia, na Noreen aliyekuwa karibu akamsikia akisema kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Mtu angekuja kutokea upande huo akakuvunja shingo, ningemwambia nini bibi yako? Ehe? Usinifanyie hivi tena." Kisha, kwa sauti yake ya siku zote, "Haya, wote hapa! Kuanzia leo tunaongea kwa mikono!"

Bosi hakufurahi. Bwana Ostrander alimweka Noreen kitini kwa nusu saa nzima. "Misimu miwili ulimtazama."

"Misimu miwili," Noreen alikubali. "Niliona anachokosea, sikuuliza kwa nini."

Kentrell alipelekwa kwa daktari wa masikio, na kwa siku nne hakuna aliyejua kama angebaki. Noreen alizipitisha siku hizo akipangua banda la gari nyumbani kwake, jambo aliloliahirisha tangu alipohamia. Daktari akasema sikio halitapona, na kwamba hakuna cha kumzuia kijana kucheza. Ostrander akasema, "Basi tuone."

Julai wakaja wachezaji wakongwe. Beki wa nyuma wa timu alikuwa Deke Lonergan, mwenye misimu tisa na pua iliyovunjika mara tatu, na ndiye aliyelalamika kuliko wote. "Yaani nijifunze ishara kwa ajili ya mgeni mmoja? Si afadhali nimwandikie barua?" Lakini baada ya wiki moja yeye ndiye aliyekuwa anazibuni. Kupiga paja ni badili, kushika kiuno ni baki, ngumi kifuani ni kwamba mimi niko nyuma yako. Ili wapinzani wasizisome, walizigeuza kila robo ya mchezo, na Lonergan akaongeza nyingine zisizo na maana yoyote, za kuwachanganya tu. Kwenye viwanja vyenye kelele, mabeki wengine waliosikia vizuri kabisa wakaanza kuzifuata nao.

Katikati ya Agosti walicheza na Omaha mchezo wa kujipima nguvu. Bibi yake Kentrell, Bi Ernestine, alikuja kwa basi kutoka Mississippi amevaa kofia ya kanisani, na Noreen akaketi naye jukwaani. Robo ya tatu Kentrell alikuwa kulia. Wapokeaji wa Omaha walipishana, Lonergan akapiga paja, ishara ya badili robo ile, na Kentrell, aliyekuwa amejigeuza nusu kama siku ile ya mvua, akamwacha mtu wake na kumrukia mwingine. Mpira ulipofika, mkono wake mrefu ulikuwa umeshatangulia. Ukapigwa chini.

Noreen aliruka mpaka soda ikamwagikia viatu vyake. Bi Ernestine alipiga makofi matatu ya adabu.

Mpira uliofuata Omaha hawakurusha. Walimpa mkimbiaji wao, jitu la kilo mia na kumi, na jitu likaelekea moja kwa moja kwa Kentrell. Kentrell alimkumbatia. Jitu likaendelea na safari, Kentrell akining'inia mgongoni kama mkoba wa shule, mita kumi na mbili.

"Hapo bado," alisema Bi Ernestine. "Nyumbani alikuwa anakimbizwa na bata."

Siku ya mwisho ya kupunguza wachezaji, watu ishirini na wanane walipaswa kuondoka kabla ya saa kumi alasiri. Kijana mmoja wa ofisi alikuwa anapita na orodha, anagusa mtu bega, na mtu anakwenda kukusanya vitu vyake. Kentrell alikaa kantini tangu asubuhi na sahani moja ya pirogi, yaani sambusa za kuchemsha za Kipolandi, zilizopoa. Noreen alikaa naye, mkabala, na walizungumza kuhusu samaki, kuhusu theluji, kuhusu chochote. Mwenye orodha aliingia mara mbili, na mara zote mbili alikwenda meza nyingine. Mmoja wa walioguswa alikuwa yule mpokeaji wa raundi ya pili, na Kentrell alisimama akamkumbatia.

"Saa ngapi sasa?" Kentrell aliuliza hatimaye.

"Kumi na dakika tisa."

Alitazama saa ya ukutani mwenyewe, hakumwamini. Kisha akatoa simu, akaiweka sikio la kulia, akasubiri.

"Bibi? Nimebaki."

Kutoka kwenye simu ile, Noreen, ng'ambo ya meza, alisikia kigelegele kilichowafanya wapishi wachungulie dirishani, na Kentrell akaisogeza simu mbali na kichwa, akicheka, machozi yakimtoka, akamwambia Bi Ernestine asipige kelele, amesikia.