Pindo la Koti

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, fundi cherehani alimsimamisha kitindamimba wake kando ya cherehani, akampima mabega, akapima tena. Binti alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Vipimo vilikuwa vya msichana wa darasa la nne.

“Umepungua tena.”

“Wameniongezea miezi mitatu, baba.”

Alikuwa mwanagenzi katika ofisi ya kumbukumbu kwa mwaka wa saba sasa, na kila mkataba ulipoongezwa alipungua nusu inchi. Mama yake alishaishusha kamba ya nguo ili aifikie.

Katika nyumba ile, mtoto akipata kazi ya kudumu alishonewa koti lisiloachiwa pindo, maana mtu mzima harefuki tena. Fundi alivaa lake akiwa na miaka kumi na tisa, na mwezi huohuo akaoa. Koti la kitindamimba, lililoshonwa mapema siku alipoanza uanagenzi, lilikuwa msumarini miaka saba likingoja, limeingia vumbi.

“Mimi kwa umri wako nilikuwa na watoto watatu,” alisema fundi. “Mchagua jembe si mkulima.”

“Sijachagua, baba. Hata hilo jembe nimeazimwa tu.”

Jumatatu binti alisahau miwani, fundi akampelekea. Alikuta wanagenzi kumi na mmoja, wengi wao wamepanda juu ya masanduku ili wayafikie mafaili. Mmoja alikuwa na ndevu zenye mvi, na miguu yake ilining'inia kitini. Msimamizi, mtu wa kimo cha kawaida na rika la fundi, alimpa mkono.

“Bila vijana hawa ofisi hii haiendi, mzee mwenzangu. Nafasi ikipatikana tutawafikiria.”

“Wangapi wameshafikiriwa?”

Msimamizi alimkaribisha chai.

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, ameona haya kwa yote aliyomwambia mwanawe. Alilitungua koti, akalipangusa, akalifumua. Hakukata hata kidogo. Kitambaa chote kilichozidi alikikunja ndani, pindo likawa nene kama la sare ya shule, na alipolivaa binti, lilimkaa sawasawa.

“Lakini sijapata kazi, baba.”

“Kazi unaifanya. Nimeiona. Ukirefuka tutaliachia.”

“Na nisiporefuka?”

“Koti ni lako.”

Binti alilia kidogo, akaenda nalo kazini. Mkataba ulipoongezwa tena, fundi aliikunja mikono ya koti nusu inchi nyingine. Hakuitia cherehani. Aliipiga bandi tu kwa mkono, mshono wa kufumuliwa upesi.