Hatua Tatu Nyuma ya Mama

Mjomba wangu alipiga picha za pasi na vitambulisho kwa miaka ishirini na sita, na neno alilolitumia kuliko yote maishani mwake ni "tulia". Tulia, inua kidevu. Tulia, usicheke, hii ni ya serikali. Mwishowe watu wakasahau jina lake, wakawa wanamwita Mzee Tulia, naye akaitika. Simu zilipoanza kupiga picha alifunga studio, akagawa mapazia na viti, lakini kamera yake hakuiachia mtu. Ilikuwa kamera ya filamu, ya chuma, nzito, na baba yangu aliiita "tofali lenye jicho".

Baba na Mjomba walikuwa mashemeji wa kupimana. Baba ni mpima ardhi mstaafu, haamini kitu kisichokuwa na namba. Mjomba aliamini jicho. Wakikaa meza moja, hata chumvi ingepatiwa pande mbili za kuibishania.

Basi fundi saa wa mtaani kwetu akafariki, na mjane wake, kwa kuwa Mjomba alimkuzia picha ya marehemu, akampa lenzi aliyoikuta ndani ya kasha la spana. Ilikuwa lenzi ya kuvuta vya mbali, ya shaba iliyopauka, ndefu kama mchi mdogo, na umri wake ulikuwa sawa na wa Mjomba mwenyewe. Iliingia kwenye kamera bila ubishi. Siku hiyo Mjomba alitabasamu kama mtu aliyeota meno mapya.

Kamera ile ina tabia zake, lazima niseme. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, na lenzi inatazama kivyake, kama mke na mume walionuniana ndani ya gari moja. Ndani ya kidirisha unamwona mtu wako akiwa wawili, mmoja kivuli cha mwenzake. Unazungusha lenzi mpaka hao wawili wawe mmoja, ndipo unajua picha itatoka kali. Kwa lenzi fupi, ukikosea kidogo unasamehewa. Lenzi ndefu haisamehe. Na kidirisha hakikui eti kwa sababu lenzi imerefuka: unapewa kifremu katikati, kama punje ya mahindi, na humo ndimo utakapoibana dunia yako.

Filamu ya kwanza aliimalizia kwenye mnara wa maji. Ndege, mafundi waliopanda kupaka rangi, mawingu, picha thelathini na sita. Akaisafisha mwenyewe, akaitundika ikauke. Ilitoka nyeupe pee, kama kioo cha dirisha. Mwanzo mpaka mwisho hakuwa ameondoa kifuniko cha lenzi, na kidirisha cha pembeni, kwa ukarimu wake, kilimwonyesha kila kitu bila kumng'ata sikio.

"Shemeji," Baba alimwambia, akiinua mkanda ule kwenye mwanga, "hapa naona umepata vizuri sana upepo."

Mjomba alikunja mkanda, akauweka mfukoni, akaaga. Wiki mbili hatukumwona.

Aliyemrudisha ni Mama. Mama alikuwa mkunga, na hospitali ilikuwa inamuaga rasmi baada ya miaka thelathini na mitatu. Alimpigia simu mdogo wake akamwambia, "Wewe ndiye ulinipiga siku naanza. Utanipiga siku namaliza. Njoo na hilo bomba lako."

"Kutakuwa na simu mia mbili humo ukumbini," Baba alisema pembeni. "Bomba la nini?"

Baba na hospitali walikuwa na kesi ya zamani. Thelathini na mitatu yote alilalamika. Mama akiitwa wakati wa chakula, Baba atasukuma sahani. Mama akirudi amechoka hata kusema, Baba atauambia ukuta, "Mimi na hospitali tumeoa mke mmoja, na hospitali ndiyo mume mkubwa." Sisi watoto tulikua tukijua kwamba kazi ya Mama ilikuwa mzigo kwa Baba. Hata siku ya kuagwa alisema anakwenda kwa sababu tu kuna kiti kimewekwa kibandiko "mume", na ni aibu kiti kukaa kitupu.

Ukumbini waandaaji walikuwa wamefunga kamba kwenye nguzo za nyuma. Mpiga picha yeyote asivuke, kwa kuwa hafla iliyopita mtu alijikwaa kwenye waya wa kipaza sauti akamwangukia mgeni rasmi. Wenye simu walinung'unika. Mjomba alisugua mikono.

"Mpwa wangu," aliniambia, "leo Mungu kanipangia ukumbi."

Alikagua kifuniko mara tatu. Akaegemea nguzo, akabana viwiko mbavuni, akafumba jicho moja. Jukwaani mkurugenzi wa hospitali aliita jina la Mama, akamkabidhi cheti na saa ya ukutani, wakashikana mikono wakaigeukia hadhira. Nyuma yao, hatua tatu hivi, walikaa waume na wake wa wastaafu. Simu zilipiga picha kwa mamia. Mjomba alipiga kumi na mbili tu, taratibu, kila moja kwa pumzi yake. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho.

"Nimempata," alisema. "Nimempata mpaka kope."

Jumamosi asubuhi alikuja na bahasha ya kaki, na uso wa mtu anayepeleka taarifa ya msiba. Hakukaa.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nimekuharibia siku yako. Lenzi ina kasoro. Nadhani marehemu aliifungua, akairudisha bila pete moja ya ndani. Kidirisha kinaniambia hapa, yenyewe inashika kule nyuma."

"Hebu tuone huo ukungu," Baba alisema, na kwa kuwa alikuwa karibu, na kwa kuwa alikuwa na hamu, akaichukua yeye bahasha.

Alitoa picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimtazama akicheka, kisha nikamtazama akiacha. Alizipitisha zilizobaki harakaharaka kama mtu aliyeshika karata mbaya, akazirudisha ndani ya bahasha, akaikalia.

"Shemeji anasema kweli," alisema. "Zimeharibika. Zichomwe."

"Zichomwe kabisa," Mjomba aliafiki. "Mimi siwezi kuacha kazi kama hiyo ikazurura mitaani."

Miaka thelathini na zaidi nilikuwa sijawahi kuwasikia wakikubaliana. Mama naye, nadhani, alishtuka kwa hilo hilo.

"Baba watoto, inuka," alisema.

"Mama watoto, ni ukungu mtupu."

"Inuka."

Akainuka. Mama akazipanga picha mezani, zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine kama zilivyopigwa. Yeye na mkurugenzi walionekana kama watu walio nyuma ya kioo chenye mvuke. Lakini katikati yao, juu ya mikono iliyoshikana, alikaa Baba, mkali mpaka nyuzi za kola. Kwenye ya pili anatazama saa yake. Kwenye ya nne anavua miwani. Ya sita, mdomo umepinda. Ya saba, machozi yamefika kidevuni, na anamtazama Mama kwa nyuma kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwashwa taa. Ya tisa anajifuta kwa tai. Ya kumi anageuza shingo kuhakikisha hakuna aliyemwona.

Mjomba aliinama, akaziangalia upya. Nadhani jikoni kwake, alikozisafishia, alikuwa amezikagua kwa kumtafuta Mama tu, asipompata, akazifunga.

"Ukumbi ule ulikuwa na vumbi," Baba alisema.

"Vumbi gani linasubiri mtu asomewe cheti?" Mama aliuliza.

"Vumbi ni vumbi."

"Na mume mkubwa je, naye lilimwingia machoni?"

Baba aligeukia dirishani. Mama alimfuata akasimama naye, hakumgusa, wakawa wanatazama nje ambako hakukuwa na kitu isipokuwa kamba ya nguo. Baada ya muda nilimsikia Baba akisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nahesabu. Elfu nne na kitu. Watoto uliowapokea. Mkurugenzi alipoitaja ile namba, mimi nilikuwa ninayo tayari. Nilikuwa naiandika."

"Unaiandika wapi?"

"Kwenye daftari la vipimo. Kila ukirudi nilikuwa nakuuliza leo wangapi. Ulidhani nagomba."

Mama alirudi mezani, akainua ya saba, akampa Mjomba.

"Nikuzie hii. Kubwa, ya ukutani."

"Dada, hapana!" Mjomba aliruka. "Mwenye siku yake haonekani! Muhuri wangu utakuwa nyuma ya hiyo picha!"

"Basi usigonge muhuri."

"Na mimi sijatoa ruhusa," Baba alisema.

"Wewe ulikuwa mbele za watu mia tatu."

Ikakuzwa, ikatundikwa sebuleni. Mjomba aligoma kuitazama. Akija alichagua kiti kinachoipa mgongo. Lenzi aliipeleka kwa fundi, ikatiwa pete iliyokosekana, akaja kutupiga upya barazani ili aoshe jina lake. Picha hiyo haina kosa hata la unywele. Mama anaonekana mpaka kope, kweli, na Baba kasimama pembeni yake kama nguzo ya mpaka. Mama alimshukuru sana mdogo wake, akaiweka kwenye droo pamoja na risiti za umeme.

Wenzake wa hospitali huja kumsalimia, na lazima mmoja aulize, "Mbona wewe umefifia hivi? Na huyu mzee anayelia hapa nyuma ni nani?"

Mwanzoni Baba alikuwa anaondoka chumbani. Siku hizi hakai mbali. Juzi alimjibu mgeni kabla Mama hajafungua mdomo.

"Ni mume mdogo," alisema, akamkaribisha chai.