Sol Anyitike na Chungu cha Rika

Siku Anyitike aliporudi Ipyana, watoto walimkimbia na ng'ombe walimshangaa. Alikuja kwa miguu kutoka bandari ya Mwaya, mgongo umenyooka kama mwanzi, koti la kaki limefungwa vifungo mpaka kooni, na nishani ya fedha ikining'inia kifuani. Nyuma yake alikuja mkewe, Atuganile, Mkisi wa pwani ya Matema, amebeba kichwani vyungu alivyovifinyanga mwenyewe, asiamini mpagazi yeyote kuvigusa.

Wakati ule, katika jeshi la Wadachi, mtu mweusi aliyefika cheo cha sol alikuwa amepanda mlima ambao wengi waliutazama kwa chini tu. Juu yake alibaki efendi, na maefendi walihesabika. Anyitike aliondoka nyumbani akiwa mchunga ndama. Meli ya Wadachi ilipoanza kutembea ziwani, akaifuata kama mbeba kuni, kisha akapewa bunduki. Akawa ombasha, akawa shaushi, akapanda tena, na mwisho akawa sol, mtu ambaye akikohoa asubuhi kambi nzima inafunga mikanda. Hakupewa cheo kwa kujipendekeza. Alijifunza kusoma usiku kwa taa ya mafuta wenzake walipokuwa wakicheza karata, akajua kupima shabaha na kuponya kidonda. Aliyoyaona katika vita vya Ungoni hakuyasimulia, hata alipoombwa.

Sasa alikuwa amestaafu na alitaka jambo moja tu: kujenga na kuzeeka kati ya watu wa rika lake. Kwa Wanyakyusa wa siku zile mtu hakukaa na baba yake wala na wajomba. Wavulana waliochunga pamoja walijenga pamoja, wakaoa na kuzeeka katika kijiji chao kimoja. Mkuu wa rika la Anyitike alikuwa Andongwisye, mtu mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuvuka mto.

"Tulichunga wote, hilo siwezi kulikana," Andongwisye alimwambia siku ya kwanza. "Lakini nkamu, ndugu yangu, ulituacha na ndama tukiwa hatujaota ndevu. Chukua kiwanja kile cha mwisho, kando ya migomba. Mpunga ukivunwa, rika litakaa na kusema kama wewe ni wetu au ni mgeni."

"Na likisema mimi ni mgeni?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tutakupa jembe na njia ya kwenda kulima kwingine."

Watu walicheka. Anyitike naye akatabasamu, kwa kuwa hakuona shaka yoyote. Ni rika gani lingemkataa mtu kama yeye?

Akajenga nyumba ya mianzi, safi, ua umefagiliwa mpaka vumbi likaona haya. Alfajiri aliamka kabla ya jogoo, akanyoa ndevu na kung'arisha viatu. Mtu akimwomba dawa ya kidonda alimpa. Mtu akiuliza habari za boma alimweleza. Ila chakula kilipoiva aliingia ndani, akafunga mlango, akaketi mezani peke yake na sahani yake ya bati.

Huo ulikuwa mwiko wa kazi yake. Zamani, alipopandishwa cheo, mkubwa wake Mdachi alimwambia: ukichovya mkono leo katika bakuli la ombasha, kesho hutaweza kumtuma mbele ya risasi. Anyitike aliliweka neno hilo moyoni. Miaka yote ya cheo alikula peke yake, na akiona wengine wamezunguka sinia moja wakicheka, aligeuza uso. Alihesabu kuwa hiyo ndiyo gharama ya heshima, na alikuwa ameilipa bila kunung'unika.

Lakini Ipyana mlango uliofungwa wakati wa kula ulikuwa na maana nyingine kabisa.

Aliyemfungua macho ni dada yake mkubwa, Tusekile, bibi mwenye wajukuu, ambaye hakuogopa nishani wala mwenye nishani. Alikuja mchana mmoja, akasukuma mlango, akamkuta na ndizi zake na maziwa ya mgando.

"Kumbe ni ndizi," alisema.

"Ulidhani nini, dada?"

"Mimi sikudhani. Watu ndio wanadhani. Ng'ombe wa jirani yako Enoki amekauka maziwa, na Enoki anauliza yule wa nyumba ya mwisho anakula nini hata ajifungie."

Anyitike aliweka kijiko chini. Alijua maana yake. Toka utotoni alisikia kwamba mchawi ndiye anayekula peke yake, kwa sababu joka lililo tumboni mwake halitaki kugawana.

"Mimi ni sol, Tusekile. Sol hali na watu."

"Sol yuko boma. Hapa tuna ukwangala. Au Wadachi wamekunyang'anya hata neno hilo?"

Ukwangala. Hakuwa amelisikia tangu alipokuwa na fimbo ya kuchungia. Ni kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao, kutaniana nao, mpaka moyo ukatakata. Wazee walisema akili yenyewe mtu huipata humo.

"Nimewatibu vidonda," alisema kwa ukali. "Nimewasomea barua zao. Wanataka nini zaidi?"

"Wanataka kukuona ukitafuna," Tusekile alijibu, akachukua ndizi moja kwenye sahani yake na kwenda zake.

Anyitike hakubadili kitu. Alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi chake alikuwa amekichuma kwa jasho. Mpunga ukaanza kuinamisha vichwa. Andongwisye alipopita hakusimama tena kutania, alisalimu tu, "Ugonile," na kuendelea na safari. Wanaume wakiketi jioni kwa Andongwisye, hakuna aliyemwita. Atuganile alikwenda kisimani peke yake, akarudi peke yake.

Ndipo askari walipokuja.

Walikuja asubuhi, shaushi mmoja na vijana wake, kutafuta wapagazi. Badala ya kwenda kwa chifu na kuomba watu kwa utaratibu, waliingia moja kwa moja katika kijiji cha rika, wakawafunga kamba wanaume waliokuwa wakitengeneza maghala. Enoki alipouliza, akapigwa kitako cha bunduki. Kisha shaushi akamwona fahali wa Andongwisye, mweusi mwenye baka jeupe, akaamuru naye afunguliwe.

"Huyu naye ni mpagazi?" Andongwisye aliuliza, mikono ikiwa tayari kambani.

"Huyu ni mboga," alisema shaushi, na vijana wake wakacheka.

Mlango wa nyumba ya mwisho ukafunguliwa. Anyitike alitoka amevaa koti, vifungo vyote, nishani mahali pake. Hakukimbia. Alitembea mpaka katikati ya ua, akasimama, akatoa amri moja tu ya Kidachi, kwa sauti ile iliyokuwa ikiamsha kambi:

"Shtilgeshtanden!"

Visigino vikagongana. Bunduki zikasimama wima. Shaushi mwenyewe alijikuta amenyooka kabla hajajua nani amesema, na alipojua, jasho lilimtoka. Alikuwa mmoja wa wale waliofundishwa gwaride na mtu huyo.

Anyitike alipita mbele yao polepole. Akamtengeneza mmoja ukosi. Akamtazama mwingine miguuni, kijana akafumba macho.

"Mkanda huu nani alikufundisha kuufunga?"

"Wewe, afande."

"Mimi sikufundisha hivi. Shaushi, amri ya wapagazi hupitia kwa nani?"

"Kwa chifu, afande."

"Na fahali? Boma limeagiza fahali?"

Shaushi alitazama mbele. "Hapana, afande."

"Basi fungua kamba. Nenda kwa chifu, useme ulipotea njia. Ukipotea tena, nitakwenda bomani mwenyewe kumweleza bwana mkubwa ni wapi ulijifunza kupotea."

Kamba zikafunguliwa, na askari wakaondoka kwa mstari, hatua sawasawa, mpaka migomba ikawameza. Moyo wa Anyitike ulijaa. Hata siku alipovishwa nishani hakuwa amesimama mrefu hivyo. Akageuka kuwatazama watu wa rika lake.

Walikuwa wamesimama wima. Wote. Enoki, damu ikimtoka shavuni, alikuwa amebana mikono mapajani kama askari. Andongwisye, mtu wa maneno, aliinamisha kichwa.

"Ndaga fijo, bwana," alishukuru.

Bwana. Alikuwa amemwita nkamu, sasa alimwita bwana.

Jioni ile wanaume walikusanyika kama kawaida, lakini Anyitike alipokatiza njiani waliinuka na kunyamaza mpaka akapita. Alirudi nyumbani, akakaa mezani, asiguse kitu.

"Leo umewaokoa," Atuganile alisema, akiepua chungu. "Sasa hawakuiti mchawi. Wanakuogopa kama boma. Hutafukuzwa, tata. Hakuna mtu wa kukufukuza."

"Ndilo nililotaka."

"Ndilo?"

Anyitike alitazama sahani yake ya bati. Ni kweli, kiwanja kilikuwa chake sasa. Angeweza kukaa pale mpaka kufa, akisalimiwa kwa heshima na kuzikwa kwa heshima. Askari wake wa zamani wangemwonea wivu. Kisha akavua koti, akalitundika, akachukua chungu kizima mikononi mwa mkewe, cha ndizi na samaki, akatoka nacho kikiwa cha moto.

Kwa Andongwisye watu wakaanza kuinuka.

"Kaeni," alisema, na papo hapo akajuta, maana lilitoka kama amri, na walikaa kama walioamriwa. Akaweka chungu katikati. Akaketi chini, kwenye majani ya migomba, suruali yake ya jeshi ikagusa udongo. Hakujua aanzeje. Katika maisha yake yote ya cheo hakuwahi kuogopa namna hiyo.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Basi akachovya yeye. Ndizi ilikuwa ya moto kupita kiasi, ikamwunguza, ikamtoka vidoleni, ikaanguka kwenye goti. Akaiokota na kuitia mdomoni, akatafuna mdomo wazi huku akipuliza.

Enoki alimtazama kwa shavu lake lililovimba.

"Angalieni jitu hili," alisema. "Limefundisha Wadachi kutembea, lenyewe kula halijui. Mama yako alikunyonyesha kwa kijiko?"

Kwa tusi dogo kuliko hilo, huko kambini, mtu alichapwa viboko.

"Afadhali kijiko," alisema Anyitike, mdomo umejaa. "Wewe ulinyonyeshwa na mbuzi, ndiyo maana ng'ombe wako wanakukatalia maziwa."

Andongwisye ndiye aliyeanza kucheka, kwa ile sauti ya kuvuka mto, kisha wakacheka wote, Enoki akishika shavu kwa maumivu. Mikono ikaingia chunguni, ikagongana na mkono wa Anyitike, na mmoja akampora kipande cha samaki vidoleni bila hata kumwomba radhi.

"Sogea huko, nkamu," Andongwisye alimwambia, akimsukuma kwa bega. "Umekaa kama unalinda."

Sol Anyitike akasogea.