Mama Mdogo Kwenye Kioo cha Skana

Usiku wa jana niliota nafuta kioo cha skana, kama nifanyavyo kila asubuhi kabla wateja hawajaingia studio. Kazi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani: picha ya Mama na mdogo wake, Atuganile, wakiwa wasichana. Mama anaitaka iwe kubwa, itundikwe ukutani kwenye sherehe yake ya kustaafu, lakini mama mdogo akatwe. Hawajasemezana tangu msiba wa babu. Nami nilikuwa nimeitikia tu, "Sawa, Mama."

Nikaweka picha. Skana ikasema, "Uso chini."

"Nimeshaigeuza."

"Nasema na wewe."

Nikalala kifudifudi. Kifuniko kikashuka. Kioo kina baridi. Pembeni yangu amelala mama mdogo, bado msichana, na gauni lake lenye kola pana.

"Sogea, mwanangu. Unanikunjia kola."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Tulia, taa inapita."

Taa ikapita taratibu, kama mlinzi anayekagua madirisha. Ilipomaliza tulikuwa ndani ya waya, tunatembea mmoja nyuma ya mwingine, hadi mlango wa kompyuta. Mshale wa kipanya umesimama hapo, haucheki.

"Huyu mdogo mno," ukasema. "Akikuzwa atapasuka."

"Nikipasuka, mwanangu atanishona," mama mdogo akajibu.

Mshale ukatupisha.

Ndani ni sebule yetu. Mama amekaa juu ya pipa la taka, ameshika mkasi.

"Mkate," ananong'ona.

"Mama, yuko hapa. Anasikia."

"Ndiyo maana nanong'ona."

"Lakini mmeshikana mikono. Nikimkata, anaondoka na vidole vyako."

Mama akavitazama vidole vyake. "Si huwa mnajazia ukuta pale mlipokata mtu?"

"Tunajazia."

"Basi nijazie ukuta."

Nikafungua mdomo nikatae. Ikatoka, "Sawa, Mama."

Vidole vyake vikaanza kuwa ukuta, wa samawati, wenye ufa. Akaninyooshea mkono anishike shavu. Ulikuwa chokaa.

Nikaamka. Mama alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Mwanangu Tumpe, umeshamtoa yule?"

Nikaichukua picha mezani. Ilikuwa na joto upande mmoja tu, ule wa mama mdogo, kama shuka ambayo mtu ametoka kuilalia sasa hivi.

"Bado. Mama..." Nikaanza upya. "Simtoi. Namtaka mama mdogo aje kwenye sherehe."