Sakafu ya Dansi Kando ya Tangi

Tangu nizaliwe, tangi la maji la mtaa wetu, huku mlimani jijini Medellín, lilikuwa limezungushiwa ukuta. Ilipoamuliwa ukuta ubomolewe, wasanifu majengo walitukusanya watuulize tunataka pajengwe nini. Wanaume wakadai uwanja wa mpira. Mama yangu, Rosmira, akasimama.

"Mpira mnacheza kila siku. Sisi wanawake tukacheze dansi wapi, jikoni?"

Watu waliangua kicheko, lakini kina mama wote wakanyoosha mikono kumuunga mkono.

Sakafu ya dansi ikajengwa. Siku ya ufunguzi, muziki ulipoanza, baba alijikunyata kwenye benchi. "Goti linaniuma, mke wangu."

"Ingekuwa mpira lisingeuma. Inuka, Eliécer!"

Akainuka. Walizunguka ile sakafu mpya mtaa mzima ukiwashangilia, nami nikamwambia kila aliyekuwa karibu, "Yule ni mama yangu. Aliyepapigania hapa ni yeye."