Kosmosi za Silvana Chini ya Tuta

Mke wangu Silvana hakuniruhusu hata siku moja kupalilia maua yake ya kosmosi. "Wewe ukishika jembe huoni ua," alikuwa akisema, na mimi nanuna, maana hapa Malangali nani hajui kwamba nimelima tangu utotoni? Lakini alisema kweli. Kosmosi ikichipua na gugu la kishonanguo likichipua, ni mapacha. Usubiri majani ya pili: ya kishonanguo ni mapana yenye meno, ya kosmosi membamba kama nyuzi. Anayeng'oa kabla ya hapo anabahatisha.

Alifariki wakati wa kuvuna ulezi. Mvua za kwanza ziliponyesha nikachukua mbegu zake nikazimwaga pembeni mwa nyumba. Zote, mjinga mimi, sikubakiza hata kiganja. Niliwaza kwamba zikichanua nitavuna mbegu, na kila mwaka kutakuwa na kitu cha Silvana uani. Zisipochanua, basi, ndiyo mwisho wake.

Zikaota, na kishonanguo kikaota katikati yake. Sikugusa. Nyumba ilikuwa kimya mno, hata asubuhi nilikwenda kuisalimia ile miche kabla sijanawa uso. Wanaotaka kucheka na wacheke.

Jumamosi nilikwenda sokoni kununua chumvi. Kurudi, nakuta jumuiya yetu nzima ya kanisani iko uani kwangu na majembe, wanaimba. Mwenyekiti wetu, Mama Luciana, akanijia akifuta jasho.

"Shikamoo baba! Tumeona magugu yatakufukuza nyumbani. Tumekupigia matuta, wewe panda maharage tu!"

Nikatazama. Matuta ya mviringo, ya Kifipa hasa, majani chini, udongo juu. Kazi safi. Pembeni mwa nyumba lilisimama tuta kubwa kuliko yote.

Ungesema nini? Watu wameacha mashamba yao msimu wa kupanda, wamekuja kumlimia mzee aliyefiwa. "Mungu awabariki, wanangu," nikasema. Nikawachemshia chai, wakanywa, wakanitania kwamba chai ya mwanaume inanuka moshi. Nikacheka nao. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya watu wale.

Walipoondoka nikapiga magoti, nikalibomoa lile tuta kwa mikono. Majembe yalikuwa yamekata miche mingi. Iliyobaki na mizizi niliipandikiza kando ya ukuta, kosmosi na kishonanguo pamoja, maana yote ilikuwa imepondeka na sikuweza kuitofautisha. Nikaiwekea kivuli cha majani ya mgomba, nikaimwagilia maji kidogo kidogo. Mingi ikafa. Kila uliosimama ulitoa jani pana lenye meno, nami nikaung'oa kwa hasira huku nikiutukana.

Ukabaki mmoja tu, mfupi, umepinda shingo. Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, nikauinamia. Katikati umetoa jani jipya, jembamba kama uzi. Kosmosi!

Nikainuka mbio, magoti nimeyasahau, nikasukuma mlango wa jikoni.

"Silvana! Njoo uone, imepona!"

Sufuria ziko mahali pake. Nikasimama pale mlangoni na mikono yangu ya udongo, namngoja aitike.